Vidole Viwili vya Kibo

Protas alikuwa na fiksi moja tu maishani mwake, lakini aliilea vizuri kuliko watu wengine wanavyolea watoto. Kwa miaka kumi na tano, kila Watanzania wa Barking, mashariki mwa London, walipokutana, iwe ubatizo, iwe msiba, alisimulia alivyokuwa guide wa Mlima Kilimanjaro, na alivyomshusha mzungu mgonjwa mgongoni kutoka kilele cha Kibo, kutwa nzima, mpaka baridi ikamla vidole viwili vya mguu wa kushoto. Watu walimsikiliza midomo wazi. Hakuna aliyewahi kumwambia avue kiatu.

Ukweli ni kwamba Protas hajawahi kupita geti la Marangu kupanda mlima. Alikuwa akiosha buti za watalii pale chini. Aliyembeba mgonjwa, akapoteza vidole, ni kaka yake Evodius, ambaye mpaka leo anachechemea kijijini, na ambaye Protas humpigia simu Krismasi tu, tena kwa haraka.

Basi jumuiya ilipoamua kwenda kupiga kambi wikiendi moja ya Agosti, kwenye hifadhi ya msitu pembezoni mwa London, penye ile miti mikubwa ya redwood, unadhani nani aliteuliwa kiongozi wa msafara?

"Baba Nancy, wewe ndiye mwenye mlima," alisema Mama Eufrasia, mwenyekiti. "Sisi tutafuata nyuma."

Naye, badala ya kusingizia mgongo, akakubali. Sifa zilimnogea, mjinga yule.

Walifika mchana. Miti ilikuwa mirefu mpaka kuitazama kuliwaumiza shingo, na magome yake mekundu yalikuwa laini kiasi kwamba watoto waliyapiga ngumi bila kuumia. Watu wazima walisimama na mahema yao kwenye mifuko, wakimsubiri Protas. Akatoa vyuma vya hema lake, akavichomeka, vikachomoka. Akavichomeka tena. Hema likasimama kidogo, kisha likamwangukia kichwani, akabaki humo ndani akipapasa, akijiapiza kwamba akitoka salama atahamia Woolwich, ng'ambo ya mto, asikojulikana.

"Mahema ya siku hizi," alisema alipojitokeza, jasho likimtiririka. "Yetu yalikuwa ya aina nyingine."

Mama Eufrasia akatazama pembeni. Ndipo Nancy, binti wa Protas mwenye miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akienda kambi za skauti tangu mdogo, akavichukua vile vyuma kimya kimya. Ndani ya dakika tano hema lilikuwa limesimama.

"Baba ndiye aliyenifundisha," akawatangazia, kwa Kiingereza chake cha Barking.

Watu wakapiga makofi. Protas alitabasamu, ingawa hakuwahi kumfundisha mtoto yule hata kufunga kamba za viatu.

Balaa lenyewe lilikuja kijitoni, kando ya kambi. Baada ya kula, watu walivua viatu wakachovya miguu majini. Protas peke yake akabaki na buti zake. Jennifer, mjukuu wa Mama Eufrasia, mwenye miaka sita, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Uncle, nionyeshe pale vidole vilipokatika."

Watu wote wakageuka. Kwa miaka kumi na tano kila mtu alitamani kuona, akaona haya kuomba.

"Mwache," Nancy akadakia upesi. "Hapendi kuangaliwa. Akiutazama mguu ule analia."

Mama Eufrasia akatoa kanga yake mabegani, akaja akazifunika buti za Protas polepole, kama anayemfunika mgonjwa. "Pole sana, baba," alisema. "Mtoto hajui."

Ndani ya buti, Protas alivisikia vidole vyake vyote, vizima, vina joto. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani wangemzomea. Akamwita Nancy kando, nyuma ya redwood moja.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nina miaka sita. Nilivihesabu vidole vyako tulipokwenda ufukweni."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukisimulia." Nancy akainua mabega. "Basi vilivyokatika ni vya nani?"

"Vya baba yako mkubwa, Evodius."

Nancy alifikiri kidogo. "Na yeye akisimulia, watu wanamsikiliza hivyo?"

Protas hakujua. Hakuwahi kumwuliza kaka yake chochote kuhusu siku ile; alimwibia tu hadithi.

Akarudi kijitoni, akaketi, akaiweka kanga pembeni, akaanza kulegeza kamba za buti la kushoto. Nancy akamkimbilia, akamshika mkono.

"Baba, usivue," alinong'ona. "Watajua na mimi nimedanganya."

Hapo ndipo aibu ilipomchoma hasa. Macho ya mtoto yalikuwa yamejaa machozi.

"Watajua kwamba mimi ndiye niliyekufundisha," alisema Protas.

Akavua buti, akavuta soksi, akauweka mguu juu ya jiwe mbele ya watu wote.

"Vidole vilivyokatika ni vya kaka yangu Evodius," alisema. "Yeye ndiye aliyembeba yule mgonjwa. Mimi nilikuwa naosha buti. Huyu mtoto amenisitiri tu."

Mama Eufrasia aliiokota kanga yake, akaikung'uta, akajitanda. Jennifer akasogea, akaanza kuvigusa vile vidole kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti, na hakuna mtu mzima aliyejua amnyamazisheje. Alipofika cha tano akainua uso, akaomba na mguu wa pili.

Protas akainama, akaanza kufungua kamba.