Jina Alilificha, Kidole Akakiacha

Mama wenzangu mnaosomesha, mtoto akirudi kutoka chuo akasema anafanya utafiti kijijini, mpeni maziwa, mpeni ugali, halafu mwambieni akatafiti kwa jirani wa mwalimu wake. Mimi sikusema hivyo. Nilijivuna.

Loveness wangu alifika Dongobesh mwezi wa sita na daftari jipya na simu ya kurekodi. Anatafiti maisha ya wajane, na mwalimu wake amemwagiza aishi na watu, ale nao, achote maji nao.

"Hayo umeyafanya miaka kumi na minane," nikamwambia. "Chuo kinakufundisha nini kipya?"

"Zamani nilikuwa naishi tu, mama. Sasa nashiriki."

Haya.

Nilimpeleka mwenyewe kijiji cha Bashay kwa Restituta, rafiki yangu tangu kipaimara. Ni mjane, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, na mashine hiyo ndiyo iliyomla kidole cha shahada. Fomu ya ridhaa aliitia sahihi bila kuisoma, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa pale. Alimkaribisha mtoto wangu, hakumkaribisha mtafiti.

"Shikamoo mama mdogo. Una ng'ombe wangapi?"

Uso ulinishuka. Kwetu huulizi mtu idadi ya ng'ombe wake. Angeuliza hivyo akiwa na miaka sita ningemchapa mbele ya wageni. Lakini swali lilikuwa kwenye karatasi ya chuo, basi akaliuliza. Restituta akacheka.

"Marahaba. Wapo wa kutosha."

Hivyo ndivyo tunavyomjibu mgeni, na mtu wa kwetu akisikia hivyo anaanza kuzungumzia mvua.

Mtafiti akakaa wiki mbili. Alikamua, alifagia zizi, mpaka Restituta akasahau kuwa kuna utafiti. Siku moja wanachambua maharage akamweleza kila kitu: ana mitamba watatu, amewaweka Masakta kwa Tomaso, rafiki wa marehemu mumewe, ili shemeji yake Lameck asije kusema ni wa ukoo. Hao ndio wa uzee wake. Simu ilikuwa pembeni ya ungo, inarekodi.

Ripoti ilipoisha nikamwuliza, "Siri za watu umezifanyaje?"

"Majina yote nimebadilisha, mama. Ndiyo maadili ya utafiti."

Nikatulia. Yeye akairusha kwenye kundi la simu la watu wa nyumbani, apongezwe. Anasomea Kiswahili, kwa hiyo aliandika Kiswahili. Laiti angeandika Kiingereza, tungepona. Nikaisoma kwa miwani ya baba yake: "Mama Ua, mjane wa Bashay asiye na kidole cha shahada, anayeishi nyuma ya mashine ya kusaga, ameweka mitamba watatu Masakta kwa rafiki wa marehemu mumewe."

Mama Ua. Jina zuri kweli.

Lameck naye yumo kwenye kundi. Jumatatu alikwenda Masakta na wazee wawili wa ukoo, ukurasa ule ameuchapisha. Tomaso angeweza kukana maneno ya watu. Maandishi ya chuo alishindwa. Mitamba wakaondoka mchana kweupe.

Nilimkokota Loveness mpaka Bashay akaombe radhi. Badala ya kuomba akaanza kujitetea.

"Mama mdogo, jina lako sikulitaja hata mara moja."

Restituta akanyanyua mkono wake wenye vidole vinne.

"Na huyu ni nani?"

 

Chuoni wamemsifu sana kwa kuwa karibu na watu. Shahada yake ameshaipata. Sasa anataka ya pili, na ameniuliza kama namfahamu mjane mwingine.

Restituta hajanigombeza. Ananipokea, ananipa chai. Juzi, kwa mazoea tu, nilimwuliza maharage ya mwaka huu yamefika magunia mangapi. Akachochea moto kwanza.

"Yapo ya kutosha," akasema, halafu akaanza kuzungumzia mvua.