Chumba Alichokikataa Masatu

Mimi mtu akijificha mara moja nasema ana haja zake. Akijificha mara ya pili naanza kuuliza. Masatu alikuwa akienda nyuma ya simtanki la maji kila mama mwenye nyumba alipofika, na kuanzia hapo sikufanya tena kazi yangu kwa utulivu.

Tulikuwa kwenye kozi ya mafundi tailizi, wale wa kutandika vigae, hapa Bweri. Tulianzia darasani, Mwalimu Chrispin akituchorea ubaoni namna ya kutafuta katikati ya chumba, mimi nikipambana na usingizi. Mwalimu ni mtu wa Morogoro, mpole, lakini kwenye ukaguzi hana utani. Anapiga magoti na kugonga kila tailizi kwa kijiko cha chai huku ameinamisha sikio. Iliyoshika vizuri inatoa sauti nzito. Iliyobaki na uwazi chini yake inalia kama sufuria tupu, na hapo unaing'oa mbele ya wenzako. Mimi nimeng'oa sana. Masatu hakuwahi kung'oa hata moja.

Huyu Masatu ametoka Bukima, na mikono yake ilizoea kushona nyavu kabla haijajua mwiko. Sisi tulinunua kamba dukani, yeye alivuta uzi wa nyavu ukutani hadi ukutani, na mstari wake ulikuwa umenyooka kuliko yetu. Saa ya kula alikuwa akimpigia simu mke wake, Agness. Nilisikia kila kitu kwa sababu nilikaa karibu makusudi. Agness alikuwa na mimba ya kwanza. Masatu alikuwa ameuacha mtumbwi wa kaka yake ili aje kusoma, na kaka alishampa mtu mwingine nafasi yake. Kulikuwa na hoteli inajengwa Bunda, na msimamizi wake alisema atachukua wenye cheti tu. "Bunda hiyo naiona, Agness," alikuwa akimwambia, "bado kidogo tu."

Mtihani wa mwisho ulikuwa kwenye nyumba mpya ya mjane mmoja aliyekuwa amepanga Kigera; jina lake, Mama Thadeo, tulilijua alipofika. Makubaliano yalikuwa yeye alete tailizi, sisi tulete mikono. Kila mwanafunzi alipewa chumba kimoja akimalize peke yake. Tulichota karatasi kwenye kofia ya Mwalimu. Mimi nikapata chumba kidogo cha nyuma, Lukas akapata sebule, Masatu akapata masta, kile chumba kikubwa chenye choo chake ndani. Wote tulipumua, maana kilikuwa taabu tupu. Pembe zake hazikukaa skwea, zilipinda, na sakafu ya bafuni ilitakiwa iinamie kwenye tundu la maji. Masatu alicheka kwa furaha. Alikuwa anakitaka hicho hicho.

Furaha haikudumu. Mama Thadeo alifika kwa bodaboda, akashuka taratibu akishikilia bega la dereva, akaingia ndani akishika ukuta. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Aliomba nimwonyeshe masta, nikampa mkono tukaenda.

"Hiki ndicho changu," alisema, akakizungushia macho kama mtu anayepanga vyombo. "Huko Kigera choo kiko nje, mwanangu. Usiku nashikaga ukuta mpaka kucha zinaniuma. Hapa nashuka kitandani, napiga hatua mbili, nimefika."

Nilitoka mbio kumtafuta Masatu aje asikie jinsi anavyosubiriwa. Nilimkuta nyuma ya simtanki, amechuchumaa, anasugua mwiko uliokwisha kutakata.

"Unafanya nini huku?"

"Nasafisha mwiko."

"Huo mwiko ukiendelea kuusugua utaisha."

Akaugeuza, akasugua upande wa pili.

Mashine ya kukatia ilikuwa moja, kwa hiyo tulipeana zamu, na ya Masatu ilikuwa ya mwisho. Siku zote hizo alitusaidia kuchanganya saruji na kubeba maboksi, lakini bodaboda ikisimama getini tu, yeye yuko nyuma ya tanki. Lukas alisema labda aliwahi kumwibia mama wa watu samaki. Mimi nilidhani aliwahi kuposa binti wa nyumba ile akakimbia. Kisha nikaona jambo jingine. Mama Thadeo naye alikuwa akifika, anasimama getini, anakohoa, anangoja kidogo, ndipo anaingia, khanga ameivuta mpaka usoni. Nilimuuliza kama ana mafua, akasema hana.

Zamu ya Masatu ikafika. Sisi wengine tulishamaliza, vyumba vyetu vimekauka na kugongwa. Yeye alikaa juu ya ndoo nje ya mlango, mikono mapajani.

"Masatu, saruji inakusubiri," Mwalimu alisema.

"Mwalimu, nipe kazi nyingine. Nipe jiko, nipe baraza, nipe nyumba nyingine nzima."

"Nyumba nyingine sina. Vyumba vyote vimeisha, kimebaki hicho."

"Basi hicho siingii."

Mwalimu hakukasirika. Alimtazama kwa muda, kichwa ameinamisha vile vile anavyofanya akisikiliza tailizi. "Nimefundisha watu wanaoogopa mashine na wanaoogopa hesabu," alisema. "Anayeogopa chumba ndiyo kwanza namwona leo. Kesho asubuhi usipoanza, siwezi kukupa cheti. Utaratibu si wangu."

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Nilimfuata kwenye ndoo. "Wewe unaogopa pembe," nikamwambia. "Mke ana mimba, mtumbwi huna, halafu unaogopa pembe."

"Dada Boke, pembe naziweza."

"Sasa nini?"

"Kuna mambo hayasemwagi."

Ukimwambia mtu kama mimi kwamba kuna mambo hayasemwi, umempa kazi. Mchana ule ule nilipanda bodaboda hadi Kigera, nikajifanya nimekuja kuuliza rangi ya grauti ya kujazia kati ya tailizi. Mama Thadeo alinikaribisha chai. Nilimsifia nyumba, nikamsifia chai, kisha nikamuuliza watoto wako wapi.

"Thadeo yuko Mwanza. Wa kike ninaye mmoja tu, Agness. Ameolewa Bukima."

Nikaweka kikombe chini. "Mume wake anaitwa Masatu?"

Alivuta khanga kichwani, ingawa tulikuwa wawili tu. "Ndiye. Siku ya kwanza tu nilimwona. Nikasema kumbe mkwe wangu ndio anasomea huku. Ndiyo maana nakohoaga getini, apate nafasi ya kunipisha. Amepewa sebule, si ndiyo?"

"Mama, amepata masta."

Mimi ni wa Butiama, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Kitanda chake hakioni, na kukitaja mbele za watu ni aibu kubwa. Masatu angeanzaje kumweleza Mwalimu, akina Lukas wamesimama hapo na midomo yao? Afadhali aonekane mwoga. Nilimwonea huruma, na nikajisikia vibaya kwa yale maneno ya pembe.

"Lakini kitanda bado hakijaingia," nikajaribu. "Sasa hivi ni chumba kitupu tu, mama."

"Kwako wewe ni kitupu. Mimi nimeshakichagua, na yeye alikuwa koridoni akasikia. Akipiga magoti humo, mimi nitalalaje humo?"

Aliyapapasa magoti yake polepole. "Na asipoingia?"

"Hapati cheti."

"Na Bunda?"

"Bunda hakuna, mama."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Sikumhimiza. Kisha akauliza, "Kile chumba chako cha nyuma kimekauka?"

"Kimekauka. Mwalimu alishagonga."

"Haya," alisema, na akaniuliza kama nitaongeza sukari.

Asubuhi yake Masatu alikuwa juu ya ndoo yake, nguo safi, hana mwiko. Alikuja kutuaga. Mara tukasikia kikohozi getini, naye akanyanyuka akaenda nyuma ya tanki. Ukaingia mkokoteni, na juu yake kitanda cha mbao, godoro, na mto mmoja. Mama Thadeo alifuata nyuma, anashika ukuta wa uzio. Vijana wakabeba kitanda wakakipitisha mbele ya masta bila kusimama, wakakifikisha mwisho wa korido, wakakiweka kwenye chumba changu. Niliwahi kuweka vipande vya boksi chini ya miguu yake ili kisikwaruze, maana jasho langu lilikuwa pale.

Mwalimu alikuwa ameshika ramani. "Mama, mbona ramani inaonyesha wewe unalala—"

"Ramani ni karatasi, Mwalimu. Mimi nalala huku nyuma. Kile kikubwa ni cha wageni." Aliyasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, upande wa simtanki. "Cha wageni tu. Mimi humo sina changu."

Kisha akapanda mkokoteni ule ule akaondoka.

Masatu alitoka nyuma ya tanki. Alipita korido akatazama mlango wangu uliofungwa, akautazama ule wa masta uliokuwa wazi. Alichukua ndoo aliyokuwa akiikalia, akaanza kuchanganya saruji.

Kwa siku zile alizofanya kazi, mimi nilishinda mlangoni. Zile pembe zilizopinda hakugombana nazo. Alivuta uzi kutoka katikati, akapeleka kupinda kote kwenye ukuta ambao mlango ukifunguliwa unaufunika, hata ukitafuta huuoni. Bafuni aliweka zile tailizi za kukwaruza, zisizoteleza, akaziinamisha kidogo kidogo hadi maji yakajua njia yenyewe. Mwalimu alikuja na kijiko chake. Aligonga chumba kizima, mimi nikimfuata nyuma. Sauti ilikuwa moja, nzito, kutoka ukuta hadi ukuta.

Wengine walipoondoka, Mwalimu aliniita pembeni. "Boke, wewe hujui kukaa na jambo. Hebu niambie, kitanda kinamponyaje fundi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho hata mimi, na udadisi wangu wote, nilikuwa nimekiruka. "Na yeye mama? Magoti yake?"

Kutoka chumba cha nyuma hadi choo cha korido ni mwendo. Na tailizi alizozichagua za korido zilikuwa zile za kung'aa, zinazoteleza hata zikiwa kavu. Nilimfuata Masatu nikamwambia yote, jinsi mama mkwe wake alivyokuwa amekingoja kile chumba, na hatua zake mbili. Yeye hakujua. Siku ile ya kwanza alisikia "hiki ndicho changu" tu, akakimbia.

Aliketi sakafuni. "Kumbe ametoa hicho," akasema. Baadaye akauliza, "Mlango wa chumba chako cha nyuma unafungukia upande gani?"

Korido tuliiacha ya mwisho, tuipige wote. Masatu alimwomba Mwalimu aianze yeye. Alikusanya tailizi za kukwaruza zilizobaki bafuni, akaziosha, akakata zile zilizovunjika, akatandika njia katikati ya zile za kung'aa, kutoka mlango wa chumba cha nyuma hadi mlango wa choo. Kizingiti cha choo alikichonga mpaka kikalingana na sakafu. Ilipokauka alimwaga maji juu yake, akavua viatu, akafumba macho, akaipita kwa kujikokota kama mtu mwenye magoti mabovu. Lukas alicheka, nikamkanyaga mguu.

Masatu alipokea cheti chake akaenda Bunda kabla mama hajahamia. Niliyekuwepo siku ya kuhamia ni mimi, naye sikumwambia chochote. Nilimwacha afungue mlango. Alitoka pekupeku, mkono tayari umenyooka kutafuta ukuta, kisha mguu wake ukakuta kitu, akasimama. Aliinama akatazama. Akapiga hatua moja, akangoja, akapiga nyingine. Alifika chooni, akageuka, akarudi mpaka kwangu, na nikaona machozi.

"Nani kaweka hii?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mgeni mmoja, mama."

Alijifunika khanga vizuri kwanza. "Huyo mgeni ukimpata kwenye simu," akasema, "mwambie sikushika ukuta."

Nilimpigia palepale. Nikasikia grenda inakata tailizi, kisha ikazimwa. Nilimwambia vile vile kama nilivyotumwa. Masatu akaniomba nirudie.