Natoka Kidogo

Kampuni iliyokuwa inawahifadhia mtandaoni msimbo wa programu yao ilitoa tangazo la mistari mitatu: inafunga huduma mwisho wa mwezi, kila mtu ahamishe mali yake. Basi. Umekaa kwenye nyumba ya watu miaka yote hiyo, siku ya kufukuzwa hata pole hupewi.

Dada alilisoma tangazo hilo ofisini kwake, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, huku chini wanakata mabati kwa msumeno wa umeme unaotia meno ganzi. Kazi ya kumpatia riziki ilikuwa kutengeneza kompyuta za watu. Kazi ya moyo wake ilikuwa ile programu ya kupanga foleni za wagonjwa, programu huria ambayo zahanati yoyote inaichukua bure, na fundi yeyote anaweza kuufungua msimbo wake akaurekebisha. Aliirithi kwa mdogo wake, kitinda mimba wao, aliyeitwa Mzee Kijana tangu utotoni kwa jinsi alivyopenda kuongea kama mtu mwenye wajukuu. Yeye ndiye aliyeiandika. Alifariki mwaka juzi akiwa chumba cha upasuaji, kwa maradhi ambayo kila mtu alisema ni madogo.

Siku anakwenda hospitali aliacha kijibu. Ni kijiprogramu tu: mtu akiandika kwenye ukurasa wa kuripoti matatizo, kinamjibu papo hapo kwa jina na picha ya Mzee Kijana. "Nimepata ujumbe wako, asante sana. Natoka kidogo, nikirudi nitakujibu vizuri." Mwenyewe hakurudi, na kijibu hakikuambiwa. Kiliendelea kuwaahidi watu yasiyowezekana, na kati ya wajitolea waliokuwa wakiitunza programu hiyo pamoja na Dada hakuna aliyekuwa na moyo wa kukizima. Dada aliukwepa ukurasa ule kama mtu anavyokwepa njia yenye mbwa mkali. Ripoti aliwaachia wenzake, yeye akabaki na msimbo.

Siku ya pili Kipara akapanda ngazi akihema. Huyu ndiye fundi wao wa seva, mtu wa maneno mengi na nywele chache, na siku hiyo maneno nayo yalikuwa machache.

"Bosi, nyumba ziko mbili," alisema baada ya kuvuta kiti. "Ya kwanza ni ya kampuni kubwa. Unabonyeza mara moja, wanakuhamishia kila kitu. Msimbo, ripoti, kijibu, mpaka picha ya marehemu. Ila mwenye akaunti lazima athibitishe kwamba ni yeye."

"Mwenye akaunti yuko kaburini."

"Nenosiri lake si unalo?"

Dada alimkazia macho mpaka Kipara akaangalia pembeni. "Na ya pili?"

"Ya pili ni chama cha wajitolea kama sisi. Msimbo unahama wote, na kila mstari unabaki na jina la aliyeuandika. Ripoti ambazo hazijafungwa nazo zinahama. Lakini roboti kujibu watu kwa jina la mtu, hawataki hata kusikia. Anayejibu awe binadamu, tena mzima."

"Si tuchukue hiyo, yaishe?"

Kipara akajikuna pale pasipo na nywele. "Kabla hujaamua, kasome ripoti zilizo wazi. Sisi tumezisoma zamani. Tukaona bora tunyamaze."

Mzee Kijana alikuwa na sheria yake moja, na wenzake waliishika hata baada ya kufa kwake: ripoti haifungwi mpaka aliyeileta aseme mwenyewe kwamba ameridhika. Kwingine fundi akisharekebisha tatizo anafunga, anakwenda zake. Kwao hapana, mtu asiporidhika ripoti yake inabaki wazi, hata ikae milele. Kwa hiyo Dada hakushangaa kukuta nyingi. Alichoshangaa ni kwamba karibu zote zilitoka kwa mtumiaji mmoja mwenye picha ya ua. Akaunti ile aliijua. Mzee Kijana alimfungulia mama yao ili awe wa kwanza kuijaribu programu, kwani alikuwa akisema Mama akiweza kuchukua namba ya foleni peke yake, hakuna atakayeshindwa.

"Baba, leo nimefua mapazia ya chumba chako." Na chini yake: Nimepata ujumbe wako, asante sana.

"Baba, mguu umeniuma tena, ila usitie wasiwasi." Natoka kidogo.

"Baba, shati lako la bluu nimempa mtoto wa jirani. Umekasirika?" Nikirudi nitakujibu vizuri.

Kurasa na kurasa. Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ileile. Bila kutaka, Dada akajikuta anaona wivu, kwamba Mama alikuwa na mahali pa kwenda kuongea naye na hakumwambia.

"Ukichukua nyumba ya pili, Mama hajibiwi tena," alisema Kipara taratibu. "Tulikubaliana tumwachie. Ndicho kitu pekee alichobakiza."

Alipoondoka, Dada alifungua tovuti ya kampuni kubwa, akaingiza nenosiri la mdogo wake. Sura ya Mzee Kijana ikajitokeza ikicheka, na pembeni yake swali: Je, ni wewe? Alishika kipanya. Msumeno wa chini ulikuwa umenyamaza, na katika ukimya ule alihisi kabisa kwamba akibonyeza ndiyo, mtu mwingine ataitikia nyuma yake. Akageuka. Kulikuwa na kabati la nyaya tu. Aliogopa, tena aliogopa sana, na hakuona aibu kuogopa. Akafunga kompyuta, akaitia mkobani, akaenda kwa mama yake.

Alimkuta sebuleni, simu iko mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na jua bado liko juu? Umefukuzwa kazi?"

Dada hakuwa na nguvu ya kuzunguka. "Mama, nimesoma unayomwandikia."

Mama aliifunika simu kwa kiganja. "Najua ni mashine. Usinione mjinga. Alinionyesha mwenyewe akiitengeneza."

"Sasa kwa nini unaiandikia?"

"Nilitaka kumuaga. Kule hospitali hawakuniruhusu niingie. Nikaandika, kwaheri baba. Akanijibu anarudi. Mwanao akikwambia anarudi, utamwachaje? Nikamwandikia tena, usirudi baba, pumzika. Jibu lilelile. Nimechoka, mwanangu. Nikiandika, anaahidi. Nisipoandika, namwona anangoja peke yake. Mle chumbani mwake namsikia anatembea. Nilidhani nyinyi mmeiacha kwa ajili yenu, ndiyo maana nikavumilia."

"Sisi tuliiacha kwa ajili yako, Mama."

Walitazamana. Miaka yote ile kila upande ulikuwa ukimshikilia marehemu kwa ajili ya upande mwingine, na yeye hana ruhusa ya kwenda.

"Tunahama," alisema Dada. "Tunakwenda kwenye ile ya chama. Kijibu hakiendi."

Akatoa kompyuta, akaufungua ukurasa wa kijibu. Kulikuwa na kitufe kimoja cha kukizima. Aliponyoosha mkono, Mama akamzuia.

"Nipe mimi. Nilimzaa mimi."

Akabonyeza kwa kidole cha shahada, kwa nguvu isiyohitajika. Kisha akachukua simu yake akaandika polepole, huku akisoma kila neno kwa kunong'ona: "Baba, umerudi?" Akatuma.

Kwa kawaida jibu lilikuwa linaingia kabla hajaishusha simu. Wakangoja. Nje pikipiki ilipita, watoto wakaitana, mtu akafungua bomba la jirani na kulifunga. Mama aliisogeza simu karibu na macho, akakifuta kioo kwa upindo wa kanga, akatazama tena.

"Sasa amekufa," alisema.

Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyepewa habari dakika ile ile, na Dada hakumnyamazisha.