Baba Yako Amenyamaza Tena

Mama alikuwa na namna yake ya kuripoti hitilafu. Hakusema mashine imegoma, wala hakusema diski hazisomi. Alipiga simu na kusema, "Baba yako amenyamaza tena," na binti yake, fundi kompyuta mwenye kibanda chake karibu na kituo cha mabasi, akajua Jumamosi nayo imeshaliwa. Ataenda kwao na mkoba wa bisibisi.

Baba mwenyewe alikuwa hai. Hilo tuliweke wazi mapema, maana Mama alivyokuwa akiongea, mgeni angeweza kutoa pole. Alikuwa hai, anakula vizuri, anakaa sebuleni kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kilichoondoka ni sauti. Madaktari walimkuta na uvimbe kooni, wakaondoa zoloto yote, ile sehemu ya koo inayotoa sauti, wakamwachia tundu shingoni lenye kijidude cha kumsaidia kusema. Akitaka kuongea huliziba kwa kidole gumba, na maneno hutoka yakikwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Na huyu alikuwa dalali wa mnada, mtu aliyeuza makabati na baiskeli za watu kwa mdomo mtupu, bila kipaza sauti, mpaka mtaa mzima ukamwita Spika. Maisha nayo yakiamua kukufanyia dhihaka hayana adabu hata kidogo.

Kabla ya upasuaji, binti alimkalisha kitandani, akamwekea simu mbele na kumwambia aongee chochote. Spika akafanya mnada. Alinadi kitanda, akanadi sufuria isiyo na mfuniko, akanadi hata pazia, "limefifia kidogo, lakini na wewe mteja hujajiangalia kwenye kioo." Mwishoni akamfikia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na mwanamke huyu," alisema kwa ile sauti yake nzito, "mwanamke huyu hauzwi. Ondokeni."

Simu ile iliibwa baadaye, ila rekodi zilikuwa zimeshahamishwa. Binti aliunda seva ndogo ya nyumbani kutoka kwenye kasha la kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, akaiweka kwenye rafu ya koridoni. Ndani alifunga diski mbili. Kila kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, ili moja ikifa, nyingine ibaki na sauti ya Baba. Aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote, na kusema kweli alijivunia. Mama aliunganishwa nayo kwa simu yake. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, aliingia chumbani, akafunga mlango na kusikiliza.

Kisha diski zikaanza kupotea. Mashine inawaka, taa zinamulika, lakini ukiiuliza diski ziko wapi inakujibu haioni kitu. Zote mbili kwa mpigo. Hapo ndipo fundi alipokuna kichwa, kwa sababu diski mbili hazifi dakika moja na kufufuka Jumamosi fundi akifika. Alizipima moja moja kwenye kompyuta yake, akazikuta hazina doa. Akabadilisha waya za data, wapi. Akabadilisha pawasaplai, kile kifaa kinacholisha kasha umeme, ikakaa siku chache, Mama akapiga simu. Kwa kuwa hitilafu ilikuja jioni tu, akili yake ilimtuma kwamba umeme unashuka mtaa mzima unapowasha taa na pasi. Akanunua stabilaiza ya kuutuliza umeme. Ikawa kazi bure.

Kitu kimoja tu kilijirudia. Kila alipofungua kasha alikuta ile plagi inayogawa umeme kwa diski zote mbili imechomoka nusu. Mara ya kwanza aliilaumu plagi yenyewe, akaweka mpya, ngumu, ya kuingiza kwa kukaza meno. Safari hii akaikuta hiyo ngumu nayo imechomoka. Akakiangalia kifuniko cha kasha kwa makini. Vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo, na bisibisi yake haikwaruzi hivyo. Aliyezifungua alitumia kisu cha mezani.

Aliirudisha plagi, akamwambia Mama kila kitu kiko sawa, akaaga. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni na kusimama nyuma ya friji, anapoiona rafu ya koridoni. Mtu mzima na ufundi wake, amejibanza kama mwizi wa sukari.

Jua lilikuwa bado halijazama, vyombo havijaguswa, Mama alipoingia chumbani. Baada ya muda ikasikika ile sauti nzito, ikinadi sufuria, na Mama akaanza kucheka. Alicheka bila kujizuia, kicheko cha mtu anayetaniwa na anayempenda. Ilipofika "hauzwi", alicheka mpaka akakohoa. Ndipo Baba akatoka sebuleni akinyata, kisu mkononi. Alisimama mbele ya rafu, amegeuza sikio kwenye mlango wa chumba. Halafu akaanza kufungua skrubu.

"Baba," binti alisema kwa kunong'ona. "Unafanya nini?"

Mzee hakushtuka. Alipeleka kidole gumba shingoni. "Nazima redio," alisema.

Binti alimvuta jikoni. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Alimtajia waya zote alizobadilisha, Jumamosi zote zilizopotea. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyekutwa na kosa. Alieleza kwamba alijifunza kwa kumwangalia yeye mikono. Hakutaka kuvunja kitu. Alitaka tu jioni moja moja.

"Anacheka na yule," alisema, akapumzika, akaziba tena tundu. "Mimi nikianza kusema, ananiambia nisijichoshe, niandike kwenye kibao. Na mimi bado nipo, mwanangu. Niko upande huu wa mlango."

Maneno yale yalimkata binti maini. Na yeye aliipenda ile sauti ya zamani. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda shule. Ndiyo aliyojenga mashine nzima kwa ajili yake, na hakuwahi kujiuliza mwenye sauti anajisikiaje kuisikia kutoka chumba cha pili. Baba akamwomba jambo moja. Amwambie Mama kwamba diski zimekufa.

Binti hakuwahi kumdanganya mteja kuhusu mashine. Alisimama pale jikoni akilipima jambo hilo, na mwisho akaliangalia tundu la shingo ya baba yake, akaenda koridoni, akamalizia skrubu na kuzichomoa diski zote mbili. Sauti, iliyokuwa imeanza upya kunadi, ikakatika katikati ya neno. Mlango wa chumba ukafunguliwa.

"Kanyamaza tena?" Mama aliuliza.

"Zimekufa, Mama. Zote mbili."

"Si utazitengeneza?"

"Hazitengenezeki."

Mama aliketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani, na kulia. Hospitalini hakulia. Kule kila mtu alimwambia ashukuru, mume wake amepona, na yeye akashukuru kama alivyoambiwa. Sasa alilia kwa sauti, akijishika kichwa, kama wanavyolia watu msibani.

Baba alishuka taratibu, magoti yakimsumbua, akakaa kando yake. Akaziba tundu. "Pole, mke wangu," alisema. "Nipo hapa."

Mama akamwekea mkono kifuani, kwa upole kabisa. "Nyamaza kidogo, Mzee," alisema. "Niache nimlilie."

Binti alifumbua mdomo. Diski zilikuwa mkononi mwake, nzima, bado na joto, na neno moja tu lingetosha. Baba alimwangalia na kutikisa kichwa. Kisha akaondoa kidole shingoni, akaushika mkono wa mkewe, na kukaa naye kimya huku Mama akimlilia.