Ushahidi Dirishani kwa Brendah

Kufikia saa mbili asubuhi Amuge alikuwa ameihamisha ruta yake ya WiFi mara sita. Aliiweka juu ya kabati, ikawaka taa nyekundu. Akaiweka juu ya mtungi wa gesi, nyekundu. Akapanda kitandani na viatu vyake, akaishika kwa mikono miwili karibu na mabati. Taa ikapepesa kijani, halafu ujumbe ukaingia kwenye simu yake: karibu Uganda.

"Mimi niko Kenya!" aliiambia simu.

Ruta aliinunua juzi kwa Fahad, fundi wa simu mwenye kibanda pale stendi ya Malaba, mpakani. Fahad aliitia laini, akamwonyesha nywila iliyobandikwa chini yake, akaiwasha, na video ikacheza pale kibandani bila kukwama. Lakini Amuge alipomwambia anakoishi, Fahad alitikisa kichwa.

"Hapo karibu na mto? Mama, hapo mnara wa ng'ambo ndio jirani yako. Hii kitu itakuwa inaruka inaenda Uganda kila saa, na bando yako huko haifanyi kazi. Nimeifungia isishike mtandao wa ng'ambo. Ikikusumbua, nipigie."

Sasa alimpigia. Fahad akamwongoza kuingia kwenye mipangilio kupitia simu. Kumbe kile alichokifunga kilikuwa kimejifungua. Amuge akakifunga upya, akachagua mtandao wa Kenya kwa mkono, akangoja. Ujumbe wa Uganda ukakoma. Taa ikarudi nyekundu.

"Sasa nguvu ni kidogo," Fahad alisema. "Mnara wetu uko upande wa Adungosi, na nyumba yako imeangalia mto. Toka nayo nje, zunguka nayo ploti. Ikiwa kijani, iache hapo hapo."

Nje ndiko Amuge asikotaka kwenda.

Miezi saba nyuma, katika yadi ya malori ambako aliwauzia madereva chai na chapati, lori moja lilirudi nyuma bila utingo wa kulielekeza. Ejoku, kijana wa bodaboda, alikuwa ameinama akifunga mzigo kwenye pikipiki yake. Lori lilimkanyaga, na hakupona. Amuge alikuwa hatua kumi kutoka pale, thamosi mkononi. Aliona kila kitu. Aliandikisha taarifa polisi siku hiyohiyo, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu.

Hakumwambia kwa sababu dereva alikuwa Barasa, na dada yake Barasa ni Brendah, mpangaji wa mlango wa tatu kwenye ploti hiyohiyo. Amuge alipofanyiwa upasuaji mwaka uliopita, Brendah ndiye aliyemfulia, akampikia uji, akamshika mkono kwenda chooni. Miezi hii yote walikuwa wakichota maji bomba moja, na Brendah akimweleza jinsi watu wanavyomsingizia kaka yake, naye Amuge akiitikia "mm" huku akitazama ndoo ikijaa.

Ndiyo maana alimwomba kiongozi wa mashtaka aruhusiwe kutoa ushahidi kwa video, na hakimu akakubali. Saa tatu kamili, siku ya leo. Brendah atakuwa kortini, ploti itakuwa tupu, naye atajifungia chumbani, aseme alichokiona, ayamalize. Hivyo ndivyo alivyopanga. Hata ekstensheni ya kuvuta umeme nje hakununua.

Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Ruta hii ilikuwa na betri ndogo ya kuishika dakika chache tu, basi Amuge akaichomoa, akatoka nayo mbio uani. Kando ya choo, nyekundu. Kwenye kamba za nguo, nyekundu. Alipofika safu ya pili ya nyumba taa ikageuka kijani na kutulia. Akapiga hatua mbele, ikafifia. Akarudi nyuma, ikashika. Alikuwa amesimama chini ya dirisha la mlango wa tatu.

Mlango ukafunguka, Brendah akachungulia, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Omagor? Unatembeza nini kama kuku anatafuta mahali pa kutaga?"

Amuge aliikumbatia ruta. "Nilidhani umeenda kortini."

"Ningeenda aje? Roselida wangu amechemka homa usiku mzima, sasa ndio amelala." Brendah alikuwa na khanga begani na macho mekundu ya kukesha. "Na hiyo ni nini?"

"WiFi. Kuna watu nataka kuongea nao kwa video saa tatu. Kwangu haishiki."

"Si uiweke hapa dirishani? Nina soketi hapo ndani. Lete waya."

Amuge alitazama simu. Dakika nane. Kila kitu kilichokuwa cha kusemwa kilimjaa mdomoni, na kama angekisema dakika ile, huenda mambo yangekuwa mengine. Hakusema. Akapenyeza ruta na waya wake kati ya nondo za dirisha, Brendah akauchomeka, akamtolea na kiti cha plastiki.

"Eyalama," Amuge alishukuru kwa Kiteso, kama walivyozoea kutaniana.

"Eyalama noi," Brendah alimrudishia shukrani hiyo akicheka, akarudi ndani kwa mtoto.

Saa tatu na dakika sita uso wa hakimu ulitokea kwenye simu. Amuge alivaa visikilizio, akageuza kiti, akalipa dirisha mgongo. Aliapa kwa sauti ya chini. Kiongozi wa mashtaka akamwuliza jina lake, kazi yake, na mahali alipokuwa siku ile. Akajibu kama mtu anayenong'ona kanisani.

"Shahidi," hakimu alisema, "mahakama haikusikii. Paza sauti."

Akapaza kidogo.

"Zaidi, mama. Haya yanarekodiwa."

Ndani ya nyumba sufuria ilikuwa ikioshwa. Amuge alivuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo ploti nzima ingeisikia: "Nilimwona Barasa akirudisha gari nyuma. Simu ilikuwa kwa sikio. Tulipiga kelele, hakusikia."

Sufuria ikanyamaza.

Hakugeuka. Aliulizwa lori lilikuwa rangi gani, akajibu. Aliulizwa Ejoku alikuwa upande upi, akajibu. Nyuma yake alisikia nyayo zikija hadi dirishani. Akatupa jicho upande. Brendah alikuwa amesimama nyuma ya nondo, mkono wake juu ya swichi ya soketi.

Amuge akaendelea kusema. Angeweza kufanya nini kingine?

Ikafika zamu ya wakili wa Barasa. "Baada ya gari kusimama, mshtakiwa alitoroka?"

"Hapana."

"Alifanya nini?"

"Alishuka. Alipiga magoti hapo kwa mafuta na damu, akashika kichwa ya Ejoku. Alikaa hapo mpaka polisi wakakuja. Watu walitaka kumpiga, hakukimbia."

"Na simu? Una hakika alikuwa nayo sikioni?"

"Nina hakika. Ningependa nisiwe na hakika."

Taa ya kijani haikuzimika hadi hakimu alipomshukuru na kumruhusu. Hapo ndipo Brendah alipochomoa waya, akaukunja taratibu, akausukuma nje kati ya nondo pamoja na ruta.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia nini, Brendah?"

"Ungeniambia tu. Ningekupa soketi ama ningekunyima, lakini ningekuwa najua nimefanya nini." Akafunga dirisha.

Barasa alipatikana na hatia, akafungwa mwaka mmoja na nusu. Ploti yote ikajua nani alisema. Wengine walimsalimia Amuge zaidi kuliko zamani, wengine wakaacha. Brendah akawa anachota maji alfajiri ili wasikutane. Usingizi wa Amuge ukawa wa kukatika. Akisikia mlango wa tatu ukilia anaamka na kukaa kitandani, halafu hajui alichoamkia. Siku moja alienda hadi Adungosi kutazama nyumba ya kupanga. Ilikuwa nzuri, na bei haikuwa mbaya. Alimwambia mwenye nyumba kwamba atarudi na jibu, na hakurudi.

Jumapili moja, mwezi wa tatu tangu hukumu, Amuge alikuwa bombani anaosha masufuria aliposikia mtungi ukiwekwa chini kando yake. Brendah hakumsalimia. Alifungua maji, akayatazama yakiingia.

"Ile siku," alisema, "Barasa akiwa amemshika yule kijana. Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea."

"Alisema nini? Mimi nikienda kumwona, hiyo hataki kuniambia."

Amuge alikausha mikono kwenye leso yake. Hilo hakuna aliyemuuliza kortini.

"Alikuwa anamuuliza jina lake," alisema. "Mara nyingi. Unaitwa nani, ndugu yangu, niambie unaitwa nani."

"Akamwambia?"

"Alimwambia."

Maji yalijaa, yakaanza kumwagika miguuni mwao. Brendah akafunga bomba. Aliinama kuunyanyua mtungi, ukamlemea, na Amuge akashika upande wa pili bila kuuliza. Wakaubeba pamoja hadi mlango wa tatu, wakautua, na Amuge akarudi kwenye masufuria yake.