Mtoto wa Filamu Hapigi Magoti

Kwa mara ya sita Teniola aliingia sebuleni, akamkuta baba yake wa kwenye filamu kaketi na gazeti, na magoti yakaenda chini yenyewe.

"Kata!" Mwongozaji, Anko Gbolahan, alijishika kichwa. "Wewe mtoto, hayo magoti yana springi? Umegundua baba yako ana mke mwingine. Una hasira! Unaingia, unasimama, unamfokea, unabamiza mlango. Hivyo ndivyo walivyo watoto wa siku hizi!"

"Nisamehe, Anko," alisema Teniola, akampigia magoti. Mpiga picha aliangua kicheko.

Barazani alikuwa ameketi Ireti, msichana aliyeletwa kutoka Lagos asubuhi ile, keshavalishwa sare ileile ya shule. Mara ya saba ikiharibika, nafasi ni yake. Teniola alikuwa amekariri maneno yote, hata ya wenzake. Kufoka aliweza. Ila kwao Ibadan, tangu ajue kutembea, hakuwahi kumkabili mzee mwenye mvi akiwa wima. Mwili wake haukujua njia nyingine.

Baba Adegoroye, aliyeigiza baba, alikunja gazeti. "Gbolahan, binti yako akikukasirikia hubamiza mlango?"

"Athubutu!"

"Sasa hufanyaje?"

Mwongozaji alijikuna shingo. "Hupiga magoti. Ila hasalimii. Mwezi uliopita siku tatu nzima, Baba: magoti chini, mdomo kimya. Hata ugali wa amala ulikuwa haunishuki."

"Na unataka huyu anifokee?"

"Watazamaji wanataka moto."

"Moto gani, hata chumvi huna! Mwache aingie kama binti yako."

Teniola aliingia. Alipiga magoti, macho sakafuni, na salamu akaimeza. Baba Adegoroye alingoja. Akashusha gazeti. "Teniola," aliita. Kimya. "Abeke wangu," akabembeleza, kwa jina la kumdekeza binti, ambalo halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Mtoto alinyanyuka, akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Anko Gbolahan alikuwa amesahau kusema "kata".

"Turudie?" mpiga picha alinong'ona.

"Turudie nini? Ireti mpeni chakula, dereva amrudishe Lagos." Akakohoa. "Teniola, mwanangu, twende tukio la jikoni. Na huko nako usiseme kitu."