Mabinti Wawili, Kisu Kimoja

Mama alijaliwa mabinti wawili, na wote walishika mimba mwaka mmoja. Kifungua mimba alikuwa mwanasheria mjini, umri umeshasogea. Kitinda mimba aliolewa na mkulima huko ng'ambo ya mto, ambako zahanati ilikuwa na mkunga mmoja na vitanda viwili.

Yule wa mjini aliichagua siku ya kujifungua kama mtu anayepanga harusi yake.

"Mwanangu, huumwi popote, unataka kupasuliwa?" mama aliuliza.

"Mama, mimba ya kwanza kwa umri huu? Daktari hataki tucheze. Na ofisini wenzangu karibu wote wamepasuliwa."

"Mimi niliwazaa nyinyi chungu kikiwa jikoni."

"Ndiyo maana tulikula mboga za kuungua!"

Wakacheka. Siku ilipofika, mama aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, na hata chai haijapoa, muuguzi akamletea mjukuu wa kiume. Alikuwa bado amempakata simu ilipolia. Ni mkwewe wa ng'ambo.

"Mama, uchungu umemshika tangu jana. Mtoto kakaa vibaya, mkunga anasema apelekwe akapasuliwe. Gari la wagonjwa halipo."

"Mpakie kwenye chochote chenye magurudumu! Usinisubiri mimi!"

Wakampakia kwenye trela la trekta, wakamtandikia magodoro. Mama naye akapanda basi.

Alipofika katika hospitali ya wilaya, alimkuta binti yake amelazwa karibu na dirisha, midomo imekauka. Mshono ulikuwa mahali palepale alipopasuliwa dada yake. Daktari, msichana mdogo tu aliyechoka hadi macho yamemwiva, alimvuta mama pembeni.

"Tumemwokoa yeye, mama. Mtoto tumemkuta ameshatangulia. Wangemwahisha kidogo..." Hakumalizia.

Mama alirudi kitandani, akamshika binti yake mkono.

"Dada kapata nini?" kitinda mimba aliuliza.

"Wa kiume."

"Mzima?"

"Mzima."

Binti aligeukia dirishani. "Wangu alikuwa wa kike. Nenda kamshike, mama. Asiende bila kupakatwa na bibi yake."

Muuguzi alimpeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi. Mama alimfunua mtoto, akampapasa kichwa kilichobanwa kwenye njia ya uzazi hadi kikarefuka. Alikuwa na nywele tele. Machozi yakamtoka bila sauti.

Simu ikalia. Alikuwa kifungua mimba, na alipoambiwa alilia hadi maneno yakamkatika. Kisha akasema, "Akishika mimba nyingine atakuja kukaa kwangu, mama. Mapema kabisa."

"Atakuja," mama alisema. "Na jirani yake je? Na jirani wa jirani yake? Hao watakaa kwa nani?"

Mama aliweka simu chini, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akamwomba muuguzi maji ya vuguvugu. Alitaka kumwosha mjukuu wake mwenyewe.